Uzio na Dhamiri: Imani ya Kikristo na Maisha ya Kila Siku ya Vijana katika Riwaya Tatu za Afrika Mashariki

Utangulizi

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 85 katika kila 100 nchini walijitambulisha kuwa Wakristo. Kwa mhubiri, idadi hiyo ni mavuno. Kwa mchunguzi wa maadili, ni swali. Iwapo umati mkubwa namna hiyo unakiri imani moja siku ya Jumapili, kwa nini siku ya Jumatatu karani hudai chai kabla ya kutia muhuri, mwajiri humtaka msichana kimapenzi kabla ya kumpa kazi, na kijana aliyeimba kwaya jana haoni taabu kutafuta karatasi ya mtihani leo?

Jawabu linalotolewa upesi ni kwamba watu hawa ni wanafiki. Jawabu hilo halitoshi. Mnafiki hujua anachokificha. Anayatambua mambo mawili yanayogongana, kisha anafunika moja. Vijana wengi hawafichi chochote. Hawajapata kuona kwamba sala ya asubuhi na muhuri wa ofisini ni mambo yanayohusiana. Jambo hili linashangaza zaidi linapowekwa kando ya maelezo ya John Mbiti, ambaye mwaka 1969 alishikilia kwamba katika jamii za jadi za Kiafrika hapakuwa na mpaka kati ya mambo ya dini na mambo ya kawaida; dini ilifuatana na mtu shambani, ngomani na matangani. Kama maelezo hayo ni sahihi, mpaka uliopo kati ya Jumapili na Jumatatu si urithi wa wahenga. Umejengwa, na kilichojengwa kinaweza kuchunguzwa.

Makala haya yanachunguza namna mpaka huo unavyojengwa katika malezi ya vijana, kwa kurejelea riwaya tatu: The River Between (1965) na Shetani Msalabani za Ngũgĩ wa Thiong'o, pamoja na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Shetani Msalabani ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1982, baada ya kuchapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980 kwa jina Caitaani Mũtharaba-inĩ. Hoja inayojengwa ni kwamba imani inaweza kukabidhiwa kijana kwa namna mbili. Anaweza kupewa imani kama uzio, yaani mkusanyiko wa makatazo yanayolindwa na jicho la mtu mwingine. Anaweza pia kupewa imani kama dhamiri, yaani uwezo wa kupambanua na kuchagua palipo na mlinzi na pasipo na mlinzi. Imani ya kwanza hukoma pale anapokoma mlinzi. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, imani ya pili nayo haimwokoi kijana kwa kuwa tu ni yake.

Rosa na fimbo ya baba

Kezilahabi alisoma katika seminari ya Nyegezi, na riwaya yake ya kwanza inaonyesha kwamba aliyafahamu malezi ya Kikatoliki kutoka ndani. Jina lenyewe la mhusika mkuu limetolewa katika litania ya Bikira Maria, ambamo Mariamu anaitwa waridi la fumbo. Kwa hiyo binti huyu wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, anabebeshwa utakatifu tangu siku anapoitwa jina, kabla hajautafuta mwenyewe.

Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Katika jambo moja tu anajiona kuwa mlinzi hodari wa maadili: hataki binti yake akaribiane na wavulana. Barua ya kijana Charles inapogunduliwa, Rosa haulizwi anaelewa nini kuhusu mapenzi, wala haelezwi kwa nini jambo hilo linamtia baba hofu. Anapigwa na kuaibishwa. Somo analolipata ni dogo na lina kasoro: kwamba mwanamume ni hatari na kwamba baba anaona. Hajifunzi mwili wake una thamani gani, wala hajifunzi namna ya kukataa, kukubali au kuchelewesha.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Rosa anapokwenda shule ya wasichana inayosimamiwa na watawa huko Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, fimbo ya Zakaria inabaki Namagondo. Kwa muda, woga aliotoka nao nyumbani unaendelea kufanya kazi ya uzio. Hatimaye woga huo unapokatika, Rosa hana kitu kingine cha kushika. Anaingia katika uhusiano na wanaume mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye utoaji wa mimba. Wasomaji wengine wameuona mwenendo huu kuwa kisa cha msichana aliyeiacha dini. Usomaji wa makini unaelekeza kwingine. Rosa hakuiacha imani, kwa maana hakuwa amekabidhiwa imani ya kuachwa. Alikabidhiwa ulinzi, na ulinzi ulipokwisha alibaki mikono mitupu.

Jambo la pili ambalo halina budi kuzingatiwa ni kwamba uzio huu umejengwa upande mmoja tu wa njia. Rosa anapojaribu kuyatengeneza maisha yake upya na kufikia kuposwa na Charles, mwanamume huyo anamkataa kwa kuwa si bikira. Hakuna mahali ambapo Charles analazimika kujibu swali kama hilo kuhusu maisha yake mwenyewe. Toba, ambayo ni kiini cha mafundisho ya Kikristo, haina nafasi katika maadili ya uzio; uzio ukishavunjwa umevunjwa. Rosa anajiua. Hapo kinaya cha riwaya kinadhihirika. Jamii inayojiita ya Kikristo inamhukumu binti kwa kipimo kisichotambua msamaha, kisha inashangaa kwamba hakuona njia ya kurudi.

Augustino na machozi ya mama

Yamkini mtu atauliza kama kuna malezi mengine ya Kikristo zaidi ya haya. Mfano unapatikana Afrika yenyewe, na ni wa kale. Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Katika maungamo yake, aliyoyaandika alipokuwa askofu, anasimulia jinsi alivyoiba mapea usiku pamoja na wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na njaa, na nyumbani kwao kulikuwa na mapea bora kuliko hayo. Anachokichunguza ni sababu ya kutenda, na anakiri kwamba angekuwa peke yake asingeiba.

Kisa hiki kidogo kina uzito kuliko kinavyoonekana. Augustino hachagui dhambi kubwa ya kujutia. Anachagua tukio la kila siku la kijana na rika lake, kisha analihoji kwa kurasa nyingi. Anaonyesha kwamba maisha ya kiroho ya kijana yamo katika mambo ya namna hiyo: nani alikuwa pale, nani alicheka, nani aliona haya kukataa.

Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo thabiti, naye mwana alikwenda Karthago, akaishi na mwanamke asiyemwoa, akaingia katika madhehebu ya Wamani. Monika alilia. Alimwendea askofu mmoja amsihi ajadiliane na mwanawe. Askofu akakataa, akamshauri amwache kwa wakati huo na aendelee kumwombea, kwa kuwa kijana angeligundua kosa lake kwa kusoma mwenyewe. Ushauri huo ulikuwa mgumu kwa mzazi. Hata Monika hakuweza kuufuata kikamilifu: alimfuata mwanawe, naye akamhadaa na kupanda merikebu kwenda Italia bila yeye. Mwaka 387 Augustino alibatizwa Milano, akiwa na umri wa miaka 32, na mama yake alishuhudia.

Ulinganisho kati ya Monika na Zakaria hauna maana kwamba mmoja alijali na mwingine hakujali. Wote wawili waliogopa kuwapoteza watoto wao. Tofauti ni kwamba hofu ya Monika ilimwachia mwanawe nafasi ya kufikiri, na hofu ya Zakaria iliiziba. Hata hivyo haifai kulisahau jambo moja: Augustino alikuwa mwana wa kiume, mwenye elimu na mlezi wa kumlipia karo. Jamii ilimpa miaka mingi ya kukosea. Rosa hakupewa hata mmoja. Swali la imani na maisha ya kila siku, kwa hiyo, haliwezi kutenganishwa na swali la ni nani anayeruhusiwa kukosea na kurudi.

Muthoni na gharama ya kuchagua

Kufikia hapa huenda ikadhaniwa kwamba dawa ni kumwacha kijana achague. The River Between haimruhusu msomaji kupumzika katika wazo hilo.

Riwaya hii inaegemea mgogoro wa kihistoria. Mnamo 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti katika nchi ya Agĩkũyũ ziliwataka waumini watangaze waziwazi kwamba wameachana na tohara ya wasichana. Waumini wengi walitoka, na shule za kujitegemea zikapata nguvu kutokana na mfarakano huo. Ngũgĩ anauweka mgogoro huo katika matuta mawili, Kameno na Makuyu, na katika nyumba moja, ya mhubiri Joshua. Joshua ni mjenzi wa uzio kwa ukamilifu. Dini yake ina maneno makali kuhusu dhambi na maneno machache kuhusu watoto wake.

Muthoni, binti yake, anafanya jambo ambalo wengine katika riwaya hawalithubutu. Hakimbii dini ya baba yake. Anataka kubaki Mkristo na wakati huohuo atahiriwe ili awe mwanamke kamili machoni pa watu wake. Anakwenda Kameno kwa shangazi, anatahiriwa, kidonda kinaharibika, na anafariki katika hospitali ya misheni huko Siriana. Joshua amekwisha kumkana. Uhakiki mwingi umemwona Muthoni kama shujaa wa upatanisho, anayebeba mwilini mwake tamaduni mbili ambazo wazee wameshindwa kuzikutanisha.

Sifa hiyo anaistahili kwa kiasi. Muthoni ni kinyume cha Rosa: anatenda kwa kuchagua, wala si kwa kuvunja uzio uliooza. Lakini uhakiki unaoishia kwenye ushujaa wake unakwepa swali gumu. Alichokichagua kilikuwa madhara kwa mwili wake, na kilimwua. Nchini Kenya ukeketaji ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011, na elimu ya tiba imedhihirisha madhara yake. Haiwezekani kuusifu uchaguzi kwa sababu tu ulifanywa kwa ujasiri. Dhamiri iliyo huru si lazima iwe dhamiri iliyoelimika.

Hapa ndipo kosa la Joshua linapoonekana kwa ukubwa wake. Katika suala la tohara yenyewe, msimamo wake una sababu nzuri kuliko alivyojua. Kilichokosekana ni mazungumzo. Aliharamisha bila kueleza, akalifanya jambo la mwili wa binti kuwa alama ya utii kwa misheni. Binti alipolipima, alikuwa na upande mmoja wenye maana, nyimbo, rika na heshima, na upande mwingine wenye katazo tupu. Ukweli uliotolewa kama amri ulishindwa na desturi iliyotolewa kama maisha. Mzazi au kanisa linaweza kuwa na haki katika jambo lenyewe na bado likampoteza kijana kwa namna ya kulifundisha.

Wariinga ofisini

Katika Shetani Msalabani, swali linahama kutoka nyumbani hadi mahali pa kazi. Jacinta Wariinga ni karani wa taipu jijini Nairobi. Mwajiri wake anamtaka kimapenzi, anakataa, anafukuzwa kazi. Baada ya hapo mpenzi wake anamwacha na mwenye nyumba anamtoa chumbani. Kwa kijana anayetafuta riziki mjini, hilo ndilo jaribu la Jumatatu, na halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa leo.

Wariinga amelelewa Nakuru, na picha za ukutani kanisani zimemwachia jinamizi linalomrudia: anamwona Shetani akisulubiwa, kisha watu waliovaa suti wanakuja kumshusha msalabani na kumwokoa. Jazanda hii huchukuliwa kwa kawaida kama tashtiti ya ubepari na ukoloni mamboleo, na ndivyo ilivyo. Lakini ina jambo la kusema kuhusu imani pia. Ishara alizopewa msichana huyu utotoni hazijamsaidia kumtambua mwovu anapomkuta amevaa suti. Akiwa mwanafunzi, mzee tajiri alimhadaa na kumpa mimba, naye akaenda kujitupa katika njia ya reli, akaokolewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwovu anaweza kuja na gari na zawadi.

Anapokuja kumkataa mwajiri wake, Wariinga hatumii woga wa jehanamu. Anatumia maarifa aliyoyapata kwa maumivu: anajua mahali njia hiyo inapoishia. Hiyo ndiyo dhamiri inayofanya kazi, na Ngũgĩ, ambaye mwaka 1970 alitangaza mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki kwamba yeye si Mkristo, anaichora kwa heshima kuu. Hata hivyo, riwaya inakwisha kwa Wariinga kumpiga risasi yule mzee tajiri. Msomaji Mkristo hawezi kulipita tukio hili kimya. Akisema tu kwamba kuua ni dhambi, atakuwa amerudi kwenye uzio, kwa kuwa hatakuwa amejibu ni mahakama gani au kanisa gani lingemsikiliza Wariinga. Akisema kwamba alikuwa na haki, atakuwa ameacha fundisho ambalo bila hilo imani yake haina tofauti na kisasi. Uzito wa riwaya umo katika kumlazimisha kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja.

Pingamizi

Kuna pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Mzazi atasema kwamba dunia ina mashimo mengi, na mtoto asiyewekewa mipaka atatumbukia kabla dhamiri yake haijakomaa. Methali zinamuunga mkono: samaki mkunje angali mbichi, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Je, hoja ya makala haya si kibali cha ulegevu?

Hapana. Mtoto mdogo anahitaji mipaka, na hakuna dhamiri inayozaliwa ikiwa imekamilika. Lakini kuna tofauti kati ya katazo na mazoea. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Uzio humzuia mtu kutenda, na mazoea humfundisha kutenda. Kijana aliyekatazwa kugusa fedha za kikundi hatajifunza uaminifu. Atajifunza kwamba fedha zina mlinzi. Kijana aliyepewa kuzitunza, akatakiwa kutoa hesabu, akapungukiwa, akakiri na kulipa, ameonja jambo ambalo hakuna mahubiri yanayoweza kumpa. Makanisa mengi huwapa vijana kwaya na maigizo, lakini si vitabu vya hesabu. Kisha vijana haohao wanapoingia ofisini, wanategemewa kuwa na uwezo ambao hawajapata kuufanyia mazoezi.

Hata methali ya samaki ina mpaka wake. Samaki anayekunjwa ni samaki aliyekwisha kuvuliwa, hajikunji. Kijana anayelelewa yu hai, na siku moja itambidi ajiongoze katika maji ambayo mzazi hayafahamu.

Linabaki suala la lawama. Ikiwa Rosa alinyimwa dhamiri, je, hana hatia? Kezilahabi haiachi kesi hii kaburini. Anaipeleka mbele ya hukumu ya Mungu, ambako baba na binti wote wanahusishwa. Mpangilio huo unatoa fundisho kubwa kuliko hukumu yoyote. Uhakiki unaomtwika Rosa mzigo wote unamsaidia Zakaria kulala usingizi. Uhakiki unaomwondolea Rosa mzigo wote unamfanya kuwa kitu kilichotendwa na wengine, jambo ambalo ndilo hasa Zakaria alilomtendea. Lawama inagawanyika, ingawa haigawanyiki sawasawa: sehemu kubwa ni ya yule aliyekuwa na uwezo wa kufundisha akachagua kulinda tu. Sehemu inayobaki ni ya Rosa, na kumwachia sehemu hiyo ni kumtambua kuwa mtu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba pengo kati ya imani ya vijana na maisha yao ya kila siku halielezwi vya kutosha kwa neno unafiki. Rosa anaonyesha kinachotokea mlinzi anapoachwa nyumbani. Muthoni anaonyesha kwamba ujasiri wa kuchagua hauwi badala ya maarifa, na kwamba ukweli usioelezwa huweza kushindwa na kosa lililopambwa. Wariinga anaonyesha kwamba dhamiri huweza kukomaa nje ya kanisa, kwa gharama kubwa, na kwamba peke yake haijui namna ya kumaliza kisasi. Kila mmoja wao angehitaji mtu mzima wa kukaa naye kabla ya siku ya uamuzi, na hakumpata.

Suala hili linawahusu pia walimu wa fasihi. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, kwa kuhofiwa kwamba ingewaharibu wanafunzi. Kitabu kinachoeleza hasara ya uzio chenyewe kikawekewa uzio, na wanafunzi ambao wangeweza kumjadili Rosa darasani, mbele ya mwalimu, waliachwa wayakute mambo yake njiani bila wa kuwaeleza. Darasa ambamo kijana anamhukumu Rosa, anapingwa na mwenzake, kisha anaulizwa yeye mwenyewe angefanya nini, ni mahali padogo pa kuifanyia dhamiri mazoezi. Si kanisa, wala halichukui nafasi yake. Lakini kwa kijana atakayeingia ofisini Jumatatu na kukuta faili iliyocheleweshwa makusudi na mkono ulionyoshwa chini ya meza, huenda mjadala huo ukawa mara yake ya kwanza kutakiwa kutoa sababu zake mwenyewe za kukataa.